Safari ya Hewa Ndani ya Injini ya Mipigo Miwili

Katika masomo yaliyotangulia umejifunza kwamba moto hauwaki bila ya hewa. Ukiufunika mshumaa unaowaka kwa bilauri, mwali wake hufifia, kisha huzimika. Oksijeni iliyomo ndani ya bilauri imepungua, na gesi ya kaboni dioksidi imeongezeka. Ukitaka mshumaa uendelee kuwaka, sharti uiondoe hewa iliyotumika na kuingiza hewa mpya.

Injini ya petroli nayo ni chumba cha moto. Moto huwaka ndani yake mara nyingi sana katika kila dakika, na kila mara hewa iliyotumika sharti itoke na hewa mpya iingie. Katika somo hili tutachunguza jinsi jambo hilo linavyofanyika ndani ya injini ya mipigo miwili. Injini za namna hii hutumika katika boti nyingi za wavuvi wa Bahari ya Hindi na Ziwa Viktoria, katika misumeno ya mnyororo, katika mashine za kufyekea nyasi zinazobebwa begani, na katika pikipiki nyingi za zamani. Magari na pikipiki nyingi za siku hizi hutumia injini za mipigo minne, ambazo ni za namna nyingine.

1. Sehemu za injini

Kabla ya kuifuata safari ya hewa, yatupasa kuijua nyumba inamopita.

Silinda ni bomba nene la chuma au la alumini. Juu yake pana kifuniko, na katika kifuniko imefungwa plagi, ambayo hutoa cheche ya umeme. Ndani ya silinda mna pistoni. Pistoni hupanda na kushuka kama mchi ndani ya kinu, lakini hubana ukuta wa silinda vizuri hata gesi haipiti ubavuni mwake. Mkono wa pistoni umeiunganisha pistoni na kranki. Kranki hugeuza mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka, kama vile mguu wako unavyozungusha pedeli ya baiskeli.

Chini ya pistoni pana chumba kilichofungwa, ambamo kranki huzunguka. Tutakiita chumba cha kranki. Nje ya injini kuna kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na matone madogo sana ya petroli. Uzito wa hewa inayohitajika ili petroli iungue vizuri ni karibu mara 15 ya uzito wa petroli yenyewe. Kwa hiyo injini hula hewa nyingi kuliko petroli.

Injini ya kawaida ya mipigo miwili haina vali za kufungua na kufunga juu ya silinda. Badala yake kuna matundu katika ukuta wa silinda. Tundu la kuingizia hupokea mchanganyiko kutoka kwenye kabureta na kuupeleka chini ya pistoni. Matundu ya kupitishia huupandisha mchanganyiko huo kutoka chumba cha kranki hadi juu ya pistoni. Tundu la kutolea huongoza gesi zilizoungua kwenye bomba la moshi. Pistoni yenyewe ndiyo bawabu wa matundu haya yote: ikipita mbele ya tundu huliziba, na ikiondoka huliacha wazi.

2. Mipigo miwili

Safari moja ya pistoni kutoka chini hadi juu, au kutoka juu hadi chini, huitwa mpigo.

Katika mpigo wa kwanza pistoni hupanda. Huziba matundu ya kupitishia, kisha huziba tundu la kutolea, na kuugandamiza mchanganyiko uliomo juu yake. Wakati huo huo nafasi iliyo chini ya pistoni huongezeka, na kanieneo ndani ya chumba cha kranki hupungua. Kanieneo ni nguvu ambayo gesi huisukumia kila sehemu ya ukuta wa chombo chake. Tundu la kuingizia linapofunguka, mchanganyiko mpya hufyonzwa kutoka kwenye kabureta na kuingia chini ya pistoni. Pistoni inapokaribia kufika juu kabisa, plagi hutoa cheche na mchanganyiko ulio juu huwaka.

Katika mpigo wa pili gesi zenye moto mkali hutanuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hii ndiyo nguvu inayozungusha rafadha ya boti au mnyororo wa msumeno. Pistoni inaposhuka huugandamiza mchanganyiko mpya uliomo katika chumba cha kranki. Karibu na mwisho wa safari, tundu la kutolea hufunguka kwanza. Gesi zilizoungua hutoka kwa kishindo, na kanieneo juu ya pistoni hushuka upesi. Mara baadaye matundu ya kupitishia hufunguka. Mchanganyiko mpya, uliokuwa umebanwa chini, hupanda kwa kasi na kuijaza silinda. Kisha pistoni huanza kupanda tena.

Kwa nini tundu la kutolea hutangulia kufunguka? Kama matundu ya kupitishia yangetangulia, gesi za moto zenye kanieneo kubwa zingeshuka katika chumba cha kranki, na mchanganyiko mpya usingeweza kupanda.

Tazama sasa faida ya injini hii. Kranki ikizunguka mara moja, moto huwaka mara moja. Katika injini ya mipigo minne, kranki huzunguka mara mbili ndipo moto uwake mara moja. Ndiyo sababu injini ya mipigo miwili huweza kuwa nyepesi na yenye sehemu chache, nayo ikatoa nguvu nyingi. Mvuvi huweza kuibeba begani kutoka nyumbani hadi kwenye chombo chake.

3. Milango miwili kwa wakati mmoja

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Katika mwisho wa mpigo wa pili, tundu la kutolea na matundu ya kupitishia huwa wazi kwa pamoja. Gesi za zamani zinatoka na mchanganyiko mpya unaingia, na hakuna ukuta unaozitenga.

Fikiria darasa lenye milango miwili. Wanafunzi wa zamu ya asubuhi wanatoka kwa mlango mmoja wakati wanafunzi wa zamu ya mchana wanaingia kwa mlango mwingine. Yaweza kutokea mambo matatu. Kwanza, wanaoingia waweza kwenda kwa mpango, wakiwasukuma wanaotoka mbele yao, hata darasa lote libaki na wanafunzi wapya tu. Pili, waweza kukutana katikati ya darasa wakachanganyika, na kila kundi linalotoka likawa na wa zamani na wapya. Tatu, wapya waweza kukata njia moja kwa moja kutoka mlango wa kuingilia hadi mlango wa kutokea, na wa zamani wakabaki wameketi pembeni.

Ndani ya silinda mambo yote matatu hutokea, kila moja kwa kiasi chake. Tutayaita kusukumana, kuchanganyika na kukata njia. Kazi yote ya kuondoa gesi za zamani na kuweka mchanganyiko mpya huitwa kusafisha silinda.

Nayo hufanyika kwa muda mfupi mno. Tuseme injini inazunguka mara 5,000 kwa dakika. Gawanya sekunde 60 kwa 5,000, utapata kwamba mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.012. Matundu ya kupitishia huwa wazi kwa karibu theluthi moja tu ya mzunguko. Kwa hiyo kazi ya kusafisha silinda hutimizwa katika sekunde 0.004, muda ulio mfupi sana kuliko kupepesa jicho.

Hatuwezi kuona gesi zikipita ndani ya chuma. Lakini twaweza kujifunza mengi kwa kutumia maji badala ya gesi.

4. Majaribio

Vifaa: chupa ya kioo yenye mdomo mpana, beseni, mrija mrefu, faneli inayoingia katika mrija huo, kijiko, chumvi, na wino au rangi ya chakula.

Jaribio la 1. Simamisha chupa ndani ya beseni. Ijaze hadi ukingoni kwa maji yenye rangi. Katika chombo kingine koroga vijiko vinne vya chumvi katika nusu lita ya maji safi. Ingiza mrija hadi chini kabisa ya chupa. Mimina maji ya chumvi polepole kwa faneli. Je, umeona nini? Maji safi hukaa chini na kuyainua maji ya rangi, nayo hufurika mdomoni. Mpaka kati ya maji hayo mawili huonekana vizuri. Huku ndiko kusukumana.

Jaribio la 2. Osha chupa na uijaze tena maji ya rangi. Safari hii tumia maji safi yasiyo na chumvi. Weka ncha ya mrija katikati ya chupa, inua faneli juu, na umimine kwa nguvu. Maji huzungukazunguka, na chupa yote huwa na rangi hafifu. Maji yanayofurika nayo yana rangi hafifu. Huku ndiko kuchanganyika.

Jaribio la 3. Ijaze chupa maji ya rangi uliyoyatia chumvi. Ondoa mrija. Mimina maji safi yasiyo na chumvi polepole juu ya kijiko ulichokiweka mdomoni mwa chupa. Maji safi hutambaa juu na kumwagika upande wa pili, na rangi iliyo chini hubaki karibu kama ilivyokuwa. Huku ndiko kukata njia.

Katika majaribio haya chumvi imetusaidia kwa kuyafanya maji yawe mazito. Ndani ya silinda hakuna chumvi. Mambo makubwa yanayoamua huko ni mahali matundu yalipo, mwelekeo yanakotazama, na kasi ya mchanganyiko unaopita.

ANGALIA: Usifanye majaribio kwa petroli kamwe. Mvuke wake hushika moto kwa mbali.

5. Hesabu ya vikombe kumi

Watu wengi hudhani kwamba ukitia hewa mpya inayolingana na ukubwa wa silinda, hewa yote ya zamani itatoka. Hesabu ifuatayo itatuonyesha kwamba sivyo.

Ndoo ina vikombe 10 vya maji ya rangi. Toa kikombe 1 na utie kikombe 1 cha maji safi. Sasa ndoo ina vikombe 9 vya maji ya rangi. Koroga vizuri. Toa tena kikombe 1. Kwa kuwa maji yamechanganyika, kikombe hicho kina sehemu 9 kati ya 10 za maji ya rangi, na sehemu 1 ya maji safi uliyoyatia sasa hivi. Tia kikombe cha pili cha maji safi. Maji ya rangi yaliyobaki ni vikombe 8.1. Ukiendelea hivyo, mara ya tatu yatabaki 7.29, na mara ya kumi yatabaki karibu vikombe 3 na nusu.

Umetia vikombe 10 vya maji safi, lakini ndoo ina karibu vikombe 6 na nusu tu vya maji safi. Vikombe 3 na nusu vya maji safi vimemwagika pamoja na maji ya rangi. Kama maji yangesukumana bila ya kuchanganyika, vikombe vyote 10 vya maji ya rangi vingetoka, na hakuna hata tone la maji safi ambalo lingepotea.

Mwaka 1914 mtaalamu Mwingereza Bertram Hopkinson alieleza njia hizi mbili, kusukumana na kuchanganyika, kwa hesabu. Tangu wakati huo mafundi hupima injini zao kwa kuuliza: je, silinda hii inakaribia kusukumana, au inakaribia kuchanganyika, au ni mbaya kuliko yote mawili?

6. Hasara ya usafishaji mbaya

Usafishaji mbaya huleta hasara mbili.

Hasara ya kwanza hutokana na gesi za zamani zilizobaki. Gesi hizo ni naitrojeni, kaboni dioksidi na mvuke wa maji, na oksijeni yake ni kidogo. Hufanya kazi ile ile ya bilauri juu ya mshumaa. Injini inapokwenda polepole, mchanganyiko mpya unaoingia ni mchache, na gesi za zamani ni nyingi. Cheche hutokea, lakini moto haushiki. Mzunguko unaofuata huongeza mchanganyiko mpya kidogo, ndipo moto ukashika. Hii ndiyo sababu injini nyingi za mipigo miwili hutoa mlio usio na mpango zinapoachwa zizunguke taratibu.

Hasara ya pili hutokana na mchanganyiko mpya uliokata njia. Mchanganyiko huo hubeba petroli ambayo haikuungua. Katika injini ya kawaida yenye kabureta, petroli inayotoka hivyo huweza kufika robo ya petroli yote, au hata zaidi. Tuseme mvuvi hutumia lita 20 za petroli kwa siku, na robo yake inapotea. Kila siku lita 5 alizozinunua kwa jasho lake hutoka kwa bomba la moshi bila ya kusukuma boti hata hatua moja. Katika siku 20 za kuvua, atakuwa amepoteza lita 100.

Petroli hiyo haiishii hewani bure. Huchafua hewa tunayoivuta na maji wanamoishi samaki. Tena katika injini hizi oili huchanganywa na petroli ili kulainisha pistoni na kranki, kwa sababu chumba cha kranki hupitisha mchanganyiko na hakiwezi kuwekwa oili kama ya gari. Injini nyingi huhitaji sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 200 za oili katika lita 10 za petroli. Sehemu ya oili hiyo hutoka ikiwa moshi wa rangi ya samawati. Katika mji wa Dhaka, nchini Bangladesh, bajaji za mipigo miwili zilikuwa nyingi mno hata moshi wake ukawa balaa kwa vifua vya watu. Kufikia Januari 2003 bajaji hizo zilikuwa zimeondolewa katika barabara za mji huo.

7. Wavumbuzi walioiongoza hewa

Injini ya kwanza ya mipigo miwili iliyofanikiwa ilibuniwa na Mskoti Dugald Clerk, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1881. Injini yake ilikuwa na silinda ya pili kwa ajili ya kusukumia mchanganyiko. Mwaka 1891 Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, alipata hati ya injini iliyotumia chumba cha kranki kuwa pampu. Frederick Cock, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya Day, aliongeza wazo la kuiacha pistoni yenyewe ifungue na kufunga tundu la kuingizia. Hivyo vali zote zikaondoka.

Katika injini hizo za zamani, tundu la kupitishia na tundu la kutolea yalitazamana. Mchanganyiko ungekata njia mara moja kama pistoni isingekuwa na nundu kichwani. Nundu hiyo iliurusha mchanganyiko juu, kama jiwe linavyorusha maji ya mto. Lakini pistoni yenye nundu ilikuwa nzito, nayo ilipata moto kupita kiasi.

Mwaka 1925 Mjerumani Adolf Schnürle alipata wazo bora zaidi. Aliweka matundu mawili ya kupitishia, moja kila upande wa tundu la kutolea, akayaelekeza yatazame ukuta ulio mbali na tundu hilo. Mikondo miwili ya mchanganyiko hutoka, hukutana karibu na ukuta huo, hupanda pamoja hadi kwenye kifuniko, hugeuka, kisha hushuka upande wa tundu la kutolea ikizisukuma gesi za zamani mbele yake. Njia hiyo ni kama kitanzi. Kwa kuwa mchanganyiko una safari ndefu ya kwenda kabla ya kufika mlangoni, tundu la kutolea huweza kuzibwa kabla sehemu kubwa haijatoka. Pistoni haikuhitaji nundu tena. Injini nyingi ndogo za mipigo miwili zilizotengenezwa baadaye zilifuata mpango huu.

8. Jinsi wataalamu wanavyoichunguza hewa isiyoonekana

Badiliko dogo la mwelekeo wa tundu huweza kuharibu kitanzi chote. Basi mtaalamu atajuaje kama hewa imeifuata njia aliyoitaka?

Mwaka 1968 Alfred Jante wa Dresden, Ujerumani, alieleza njia rahisi. Kifuniko cha silinda huondolewa. Juu ya mdomo wa silinda huwekwa safu ya mirija myembamba iliyopangwa kama meno ya kitana, na kila mrija huunganishwa na kipimo. Injini huzungushwa na mota bila ya petroli wala moto. Hewa hupanda kutoka katika matundu ya kupitishia, na mirija hupima kasi yake mahali mbalimbali. Kisha huchorwa ramani ya kasi hizo, kama ramani inayoonyesha vilima na mabonde. Ikiwa kilima cha kasi kimeegemea ukuta ulio mkabala na tundu la kutolea, na pande mbili zinafanana, kitanzi ni kizuri. Ikiwa ulimi wa hewa yenye kasi umenyooka katikati kuelekea tundu la kutolea, mchanganyiko mwingi utapotea.

Katika miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast, Gordon Blair na wenzake walitumia njia nyingine. Waliijaza silinda hewa ya kawaida, na chumba cha kranki wakakijaza kaboni dioksidi. Kisha waliizungusha injini mara moja tu na kupima ni kiasi gani cha kaboni dioksidi kilichobaki ndani ya silinda. Hewa ilishika nafasi ya gesi za moto, ambazo ni nyepesi; na kaboni dioksidi, iliyo nzito kuliko hewa, ilishika nafasi ya mchanganyiko mpya. Unaona kwamba jaribio hilo linafanana na majaribio yetu ya chupa.

Siku hizi wataalamu hutengeneza pia silinda za kioo, hutia chembe ndogo sana hewani, na kuzimulika kwa mwanga wa leza ili kuzipiga picha zikipita. Pia hutumia kompyuta kukadiria mwendo wa gesi kabla ya injini kutengenezwa.

9. Bomba la moshi linavyosaidia

Safari ya hewa haiishii katika tundu la kutolea. Gesi zinapotoka kwa kishindo, wimbi la kanieneo hukimbia ndani ya bomba la moshi, kama sauti inavyosafiri hewani. Katika gesi za moto wimbi hilo huenda karibu mita 500 kwa sekunde. Katika sekunde 0.004 huweza kusafiri mita 2, yaani kwenda na kurudi katika bomba lenye urefu wa mita 1.

Katika miaka ya 1950 Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha Zschopau katika Ujerumani Mashariki ya wakati ule, alilitumia jambo hili kwa ustadi mkubwa. Bomba lake lilipanuka taratibu kama faneli, kisha likasinyaa tena. Wimbi linapofika penye upana, mvuto hurudi kwenye silinda na kusaidia kuzitoa gesi za zamani. Linapofika panaposinyaa, msukumo hurudi na kuurudisha ndani mchanganyiko uliokwisha kuchungulia nje, sehemu ndogo mno ya sekunde kabla ya pistoni kuliziba tundu. Kwa hiyo tumbo la bomba hilo si pambo. Anayelikata au kuliboma ili pikipiki ipige kelele zaidi anaiharibu kazi ya kusafisha silinda.

10. Njia za kuzuia upotevu

Njia mojawapo ni kusafisha silinda kwa hewa tupu. Petroli hunyunyizwa ndani baadaye, wakati tundu la kutolea linapozibwa au limekwisha kuzibwa. Hewa ikikata njia, hakuna petroli inayopotea. Injini kubwa za dizeli za meli zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam hufanya hivyo. Nyingi kati yake ni za mipigo miwili, na silinda zake huweza kuwa na upana wa karibu mita 1. Ndani yake hewa mpya huingia kwa matundu ya chini, na gesi za zamani hutoka kwa vali iliyo juu. Mkondo huenda upande mmoja tu, kama katika Jaribio la 1.

Kwa injini ndogo, mtumiaji anaweza kufanya mengi. Apime oili kwa kipimo kilichoelekezwa na watengenezaji, asikadirie kwa macho. Asafishe masizi katika tundu la kutolea, kwa maana masizi huzuia gesi kutoka. Abadilishe vizibo vya chumba cha kranki vinavyovuja, kwa sababu chumba kinachovuja hakiwezi kuupandisha mchanganyiko vizuri. Wala asiiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua.

Mambo ya kukumbuka

Injini ya mipigo miwili huwasha moto mara moja katika kila mzunguko wa kranki.
Gesi za zamani hutoka wakati mchanganyiko mpya unaingia.
Mchanganyiko mpya huweza kusukuma, kuchanganyika au kukata njia.
Mahali na mwelekeo wa matundu ndio unaoiongoza hewa.
Petroli iliyokata njia ni hasara kwa mwenye injini, na ni uchafu kwa watu wote.

Maswali

1. Kwa nini tundu la kutolea hufunguka kabla ya matundu ya kupitishia?
2. Eleza tofauti kati ya kusukumana, kuchanganyika na kukata njia. Taja jaribio linaloonyesha kila moja.
3. Injini huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua muda gani?
4. Katika hesabu ya vikombe, maji ya rangi yaliyobaki baada ya mara ya nne ni vikombe vingapi?
5. Mvuvi ana lita 25 za petroli. Anahitaji mililita ngapi za oili ikiwa kipimo ni 50 kwa 1?
6. Chora silinda iliyotazamwa kutoka juu. Onyesha tundu la kutolea na matundu mawili ya kupitishia kwa mpango wa Schnürle. Chora mishale kuonyesha njia ya mchanganyiko.